Majina Yaliyotolewa kwa Ajili ya Kiboko

Mashine ya kusaga ya Mshamu ilikuwa imekwisha kuanza kunguruma, na kwa Consolatha huo ndio ulikuwa wito wa kazi. Kibiti mwaka huo wa elfu mbili ilikuwa bado inasubiri umeme. Yeye alivuta waya kutoka kwenye jenereta ya Mshamu, jirani yake, na kompyuta yake iliamka na kulala pamoja na mashine ya unga. Mahindi ya wateja yakiisha, na herufi zimekwisha. Kwa hiyo alijifunza kuchapa kwa pupa kama mtu anayekula daku huku anaisikia adhana, ingawa yeye ni Mkatoliki, mjane wa tabibu aliyehamishiwa huku kutoka bara.

Lakini asubuhi hiyo ya Jumatano foleni ya mahindi ilikuwa ndefu na mikono yake haikutaka kuchapa. Haidari alikuwa ameketi mbele yake, miwani ya jua ameipandisha kichwani, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Haidari alikuwa wakala wa mmoja wa wagombea ubunge. Uchaguzi ulikuwa umebakiza majuma sita.

"Sikuombi mke, dada Consolatha," alisema. "Naomba orodha tu."

"Orodha si yangu, ndugu yangu. Ni ya wakulima wa bondeni. Wamenipa niichape, ipelekwe Utete kwa bwana nyama."

"Imo ndani ya kompyuta yako, haimo?"

"Imo."

"Basi ni yako. Kilichomo katika sufuria yangu ni chakula changu."

"Hata kama ni jirani aliyekuomba umpikie?"

Haidari alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa urahisi, na hilo ndilo lililomfanya Consolatha amwogope.

Orodha yenyewe ilikuwa ya majina elfu moja mia moja na arobaini. Misimu mitatu mfululizo viboko walikuwa wametoka mtoni na kulala ndani ya mahindi ya mlau, yale yanayopandwa maji ya mafuriko yakishapungua. Nguruwe walimalizia walichobakiza viboko, na msimu uliopita hata tembo walishuka kutoka pande za Mloka. Wakulima walichoka kupiga madebe usiku kucha. Wakaamua kumwomba bwana nyama wa wilaya awape askari wa wanyamapori. Kila dungu, yaani kila kibanda kilichosimama juu ya nguzo katikati ya shamba, litoe jina moja na alama moja ya dole gumba. Mfaume, katibu wao, aliyaandika yote katika daftari, akamletea Consolatha ayapange vizuri, kwa kuwa kompyuta ilikuwa hiyo moja tu kutoka pale hadi Ikwiriri. Alipoyapokea, Consolatha alimwahidi mbele ya watu: majina haya yanakwenda Utete, hayaendi kwingine.

"Mgombea wetu anataka kumwandikia kila mkulima barua," Haidari aliendelea. "Kwa jina lake! Mtu akiitwa kwa jina, moyo unalegea. Ubaya uko wapi? Kuna sheria inayokataza?"

Consolatha alifikiri. Hakuijua sheria yoyote ya namna hiyo.

"Haipo," Haidari alimjibia. "Ila hii ipo." Akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa mara nne, akazinyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Mwaka jana Bunge limepitisha sheria ya hakimiliki. Mtu akitunga wimbo, ni wake. Akitunga programu ya kompyuta, ni yake. Ukinakili bila ruhusa, faini au jela. Sasa hebu nionyeshe risiti ya programu unayochapia."

Consolatha alitazama kompyuta. Risiti hakuwa nayo. Alikuwa na sidii moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa Mwalimu Hilari. Akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, baada ya kumzika mumewe, alikaa Dar es Salaam kwa dada yake miezi tisa, na kila jioni alikwenda kusoma kompyuta katika ukumbi wa parokia, amebanwa katikati ya wasichana waliomwita "bibi" mgongoni. Siku ya mwisho, baada ya sala ya kufunga, Hilari alimpa kila mwanafunzi sidii. Hii ni zawadi yenu ya kuanzia maisha, alisema. Consolatha alimshukuru Mungu kwa sidii ile kila asubuhi kwa miaka miwili. Hakuwahi kujiuliza Hilari aliipata wapi.

"Ijumaa nitapita na diski yangu," Haidari alisema akisimama. "Unanakili orodha, dakika tano, tumemalizana. Ama sivyo karatasi hizi nitazipeleka kwa wanaohusika, na kompyuta yako itakwenda kituoni kama mwizi wa kuku. Siku njema, dada."

Baada ya kuondoka kwake Consolatha hakutulia. Alisimama, akaketi, akasimama. Alifagia sakafu ambayo alikuwa ameifagia alfajiri. Alichukua rozari, akafika fumbo la pili, akasahau alikuwa wapi, akaanza upya, akasahau tena. Mawazo yalimjia kama nyuki. Mtunzi wa ile programu alikuwa mtu wa ng'ambo ambaye asingejua hata siku moja kwamba duniani kuna mahali panapoitwa Kibiti. Huyo alikuwa na Bunge la kumlinda. Mkulima aliyechovya dole gumba katika wino hakuwa na yeyote, isipokuwa mjane mmoja aliyetoa ahadi. Je, huo ndio uadilifu? Lakini kila alipotaka kujitetea kwa hoja hiyo, amri ya saba ilimkabili. Wizi ni wizi hata kama mwenye mali ana ng'ombe elfu. Zawadi ya mali ya mtu mwingine haiwi halali kwa sababu imetolewa baada ya sala.

Alhamisi alifunga duka, akapanda lori la mbao hadi Ikwiriri, akashuka bondeni kwa miguu. Alitaka kuwauliza wenye majina. Labda wangesema toa, na mzigo ungemtoka.

Alimkuta Mfaume chini ya dungu la Mwanawetu, anasuka kamba. Mwanawetu mwenyewe alikuwa juu ya dungu, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, anavuta kamba iliyofungwa madebe matupu mwisho wa shamba. Madebe yalilia, ndege wakaruka, wakatua hatua kumi mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Panda. Ngazi ya tatu usiikanyage, imeoza."

Consolatha alipanda, akaeleza yote, hata habari ya sidii. Alikwisha kuamua njiani kwamba hatajificha. Mfaume alisikiliza kutoka chini bila kuacha kusuka.

"Mpe," alisema mwishowe.

"Nimpe?"

"Mpe, mama. Majina yetu yamo katika kila kitabu cha nchi hii. Ya kodi yamo, ya pamba yamo, ya chama yamo. Hili moja litaongeza nini? Mwaka tisini na tano nilipanga foleni tangu alfajiri, jua likanikuta, likaniacha. Tuliahidiwa askari wa wanyama. Umemwona askari?"

"Sijamwona."

"Kiboko ndiye mbunge wetu," Mfaume alisema. "Huyo kila siku anafika jimboni, tena bila kuitwa."

Mwanawetu hakucheka. Alikuwa ameacha kuvuta kamba. "Wewe Mfaume, hiyo midomo ungeitumia kupulizia moto tungekwisha kula. Mimi dole langu nilichovya kwa nini?"

"Kwa ajili ya kiboko, shangazi."

"Basi. Jina langu nililitoa kwa ajili ya kiboko. Sikulitoa kwa ajili ya mtu. Akilitaka huyo mwanamume na aje mwenyewe, apande ngazi hii, aniombe. Nitamjibu."

"Na kura utampa?" Mfaume aliuliza.

"Kura sipigi tena. Lakini kutopiga ni kwangu, na jina ni langu. Hayo mawili usinichanganyie."

Consolatha alifungua karatasi aliyoipiga chapa siku za mwanzo kwa majaribio, akatafuta kwa kidole. "Bibi, mbona jina lako silioni? Dungu la sitini na tatu lina jina la Abbasi Ngwele."

"Ndilo hili."

"Abbasi yuko wapi?"

"Abbasi ni mume wangu. Alikufa mwaka wa mafuriko makubwa."

Consolatha alimtazama, akamtazama na Mfaume kule chini. "Mmeandika jina la marehemu?"

"Tumeandika jina la shamba," Mfaume alijibu kwa uvumilivu, kama anayemweleza mtoto. "Abbasi ndiye aliyefyeka pori hapa. Aliyefyeka ndiye mwenye jina, hata akifa, hata shamba likilimwa na mjukuu. Ukiuliza njia utaambiwa pita kwa Abbasi, kata kulia kwa Kijakazi. Kijakazi naye yuko kaburini toka enzi za Mjerumani, sijui za Mwingereza. Dole gumba ni la anayelinda. Si uliuliza kila dungu ni la nani? Tukakujibu."

Ni kweli aliuliza hivyo walipokuwa wanapitia daftari. Kichwani mwake, kichwa cha mtu wa bara ambako shamba hubadilisha jina linapobadilisha mkono, alikuwa amechapa juu ya ukurasa: MAJINA YA WAOMBAJI.

"Marehemu ni wangapi?" aliuliza.

Mfaume alikunja midomo. "Nusu. Pengine wamezidi nusu."

Halafu akaangua kicheko, kamba ikamtoka mkononi. "Sasa si ndiyo dawa! Mpe Haidari marehemu wake. Awaandikie barua! Mama, mpe, nakuomba kwa jina la Mungu, nione huyo tarishi anavyopita makaburini na baiskeli."

Hata Mwanawetu alitabasamu hapo. Lakini aliteremka kwa ngazi, polepole, akachukua daftari lenye alama za madole kutoka katika mkoba wa Mfaume na kulifunga katika pindo la kanga yake. "Hili nitalilalia mimi," alisema. "Wewe una moyo wa kutoa sana."

Safari ya kurudi Consolatha hakuona barabara. Kumpa Haidari orodha ya wafu ingekuwa hila, na hila haikuwa sala aliyofundishwa. Zaidi ya hayo, nusu nyingine walikuwa hai. Lakini alipata wazo lililompa nafuu kidogo: angemwambia Haidari ukweli. Orodha haikufai, ndugu yangu, wengi wamekufa. Mtu mwenye akili angeachana nayo.

Ijumaa mashine ya Mshamu ilichelewa kuwaka, na Haidari alimkuta Consolatha mlangoni akizunguka zunguka kama kuku anayetaka kutaga. Consolatha alimwambia ukweli hapo hapo, kabla hata ya kumkaribisha kiti.

Haidari hakukasirika. Alivua miwani kichwani. Uso wake ulifunguka taratibu, kama mtu aliyeokota pochi njiani na sasa anaangalia nyuma kama kuna aliyemwona.

"Marehemu," alisema. "Mia tano?"

"Au zaidi. Kwa hiyo unaona haina maana kwako."

"Dada yangu, wewe ni mtu wa Mungu kweli kweli. Kila jina lina namba ya dungu na kijiji chake?"

"Lina."

"Marehemu ni mpiga kura mzuri kuliko wote. Hachelewi, haombi fulana, hakuulizi mwaka tisini na tano uliahidi nini." Akatoa diski mfukoni mwa shati. "Hata walio hai siwataki tena. Nitolee yote, marehemu nitawachambua mwenyewe. Kuhusu hakimiliki, tumesahau. Utachapa mpaka uzeeke."

Ndipo Consolatha alipoelewa amefanya nini. Ukweli wake mwenyewe ulikuwa umemfundisha mtu huyu wizi ambao hakuwa ameuwazia. Aliketi. Alimwona Mwanawetu juu ya dungu, anavuta kamba ya madebe, na mahali fulani mbali mtu asiyemjua anaingia katika chumba cha kupigia kura na kutoka akiwa ni Abbasi Ngwele.

Mashine ya kusaga ilishtuka, ikakohoa, ikawaka. Taa ya kompyuta nayo ikawaka.

"Haya," Haidari alisema, "kabla mahindi hayajaisha."

Consolatha alifanya ishara ya msalaba. Hakuchukua diski ya Haidari. Alifungua droo, akatoa diski ambayo Hilari aliwafundisha kuitumia siku kompyuta ikiharibika kabisa na hakuna tumaini lingine, akaiingiza. Kioo kiligeuka cheusi kikamwuliza kwa Kiingereza kama ana hakika. Akabonyeza kwamba anayo. Namba zikaanza kupanda: moja, mbili, tatu.

"Inanakili?" Haidari aliuliza, ameinama nyuma ya bega lake.

"Inafuta."

"Acha utani, dada."

"Sina utani. Nafuta orodha, na programu, na kila kitu. Programu niliichukua bila kumwomba mwenyewe, umesema kweli, nami nakushukuru kunifumbua macho. Majina nayo unataka kuyachukua bila kuwaomba wenyewe. Ni dhambi moja, Haidari. Siwezi kutubu nusu yake."

Namba zilikuwa zimefika kumi na tisa. Haidari alitazama kioo, akamtazama yeye, kisha akaruka hadi ukutani na kung'oa waya. Kioo kikazimika. Feni ndani ya sanduku ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Nje mashine ya unga iliendelea na kazi yake kama kwamba hakuna lililotokea.

Alipouchomeka waya tena, kompyuta iliwaka ikaandika mstari mmoja mweupe wa kusema kwamba haikuona cha kuanzia. Haidari alibonyeza kila kitufe. Mstari ule ule.

"Mwanamke wewe huna akili," alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Umejichomea nyumba mwenyewe. Sasa utakula nini, rozari?"

"Leo Ijumaa. Nimefunga."

"Daftari liko kwa nani?"

"Kwa mwenye jina. Amesema uende ukamwombe mwenyewe. Ngazi yake moja imeoza, uangalie."

Haidari alikunja karatasi za sheria mara nne, akazirudisha mfukoni. Hazikuwa na kazi tena, maana palikuwa hapana programu ya kushtaki. Lakini alizishika vizuri, kama mtu anayejua kwamba Kibiti kutakuja kompyuta nyingine na mwenye kompyuta mwingine. Akaondoka bila kuaga.

Consolatha alitazamia amani. Alikuwa amesoma kwamba amani hufuata. Badala yake, kabla ya saa sita, aliingia Mwalimu Petronila wa shule ya msingi, mwanamke mpole mwenye chaki kwenye sketi, akauliza kama mitihani yake ya majaribio ya darasa la saba iko tayari.

Consolatha alishika kichwa. Mitihani! Kurasa ishirini na mbili, zilikuwa zimo humo humo. Na barua ya kikundi cha akina mama wa Bungu. Na wasifu wa kijana aliyekuwa anatafuta kazi bandarini. Hakuwa amewakumbuka hata mmoja. Alikuwa amefuta vya watu bila kuwaomba, saa ile ile alipokuwa anamhubiria mwenzake juu ya kuomba.

"Nimevifuta, mwalimu," alisema. "Nimekosa. Rasimu yako ninayo, nitaandika upya yote kwa mkono kwenye stensili. Nipe hadi Jumatano."

Petronila alipangusa chaki kwenye sketi. "Watoto wanafanya Jumatatu, dada Consolatha," alisema tu, akatoka. Ilikuwa afadhali angetukana.

Aliandika stensili Ijumaa mchana kutwa, na Jumamosi, na Jumapili baada ya misa, mkono ukivimba kifundoni. Jumatatu asubuhi alizipeleka shuleni mwenyewe. Petronila alizipokea, akazihesabu, akasema asante kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe lakini anajua siku hiyo itafika.

Kutoka hapo hakurudi dukani. Hapakuwa na cha kurudia, na sidii ya Hilari hakutaka kuitumia tena. Alipanda lori, akashuka bondeni, na safari hii alikuwa na karatasi za mistari na kalamu mbili. Alichora jedwali lenye safu tatu badala ya mbili: jina la shamba, jina la anayelilima leo, alama ya dole. Mfaume alipoona ukubwa wa kazi alipiga mluzi.

"Madungu elfu na ushei, mama? Kwa mkono? Utamaliza uchaguzi umepita."

"Viboko hawataondoka na uchaguzi."

"Hapo umesema."

Walianza na dungu walilokuwa chini yake. Mwanawetu alifungua pindo la kanga, akalitoa daftari, lakini hakumpa. Aliliweka mapajani akatazama mkono wa Consolatha ukiandika sitini na tatu, kisha, katika safu ya kwanza, shamba la Abbasi Ngwele.

"Sasa hapa," Consolatha alisema akigusa safu ya pili. "Jina lako kamili, bibi."

"Mwanawetu."

"Binti?"

Yule mwanamke alitazama shambani. Kule mwisho wa shamba ndege walikuwa wametua tena, na hakuna aliyevuta kamba.

"Binti Salumu Mkumba," alisema. "Kuna miaka hakuna aliyeniuliza. Andika polepole, niangalie unavyoliandika."

Consolatha aliandika polepole. Alipomaliza alimgeuzia karatasi, na Mwanawetu, ambaye hakujua kusoma, aliitazama kwa muda mrefu, akafuata kila herufi kwa ncha ya ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ndiyo mimi wote huyo?"

"Ndiyo wewe wote."

"Na Oktoba, shangazi?" Mfaume alichokoza. "Sasa jina unalo. Utakwenda?"

"Hilo sijaliamua, na wewe usiliwekee bei," Mwanawetu alisema, akachovya dole gumba katika wino.